Uzito Kwanza, Ukubwa Baadaye: Tanga la Mbele kwa Upepo Mwanana

Wazee wangu, manahodha, na nyinyi vijana mlioanza juzi kushika kana, yaani mti wa usukani, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya tanga la mbele la upepo mwanana katika chombo kidogo: chombo cha mita sita, saba au nane, chenye mlingoti mmoja, tanga kuu nyuma yake na tanga la pembe tatu mbele. Ninalo neno moja la msingi, na mengine yote yatalifuata. Upepo ukiwa mdogo, angalia uzito kwanza, ukubwa baadaye. Wengi wetu huanza upande wa pili. Upepo ukilegea tunatafuta tanga kubwa zaidi, tunalitweka, linaning'inia bila kujaa, tunalitazama kwa dakika chache, halafu tunawasha injini. Huwa naona uchungu, kwa sababu mara nyingi chombo kile kilikuwa na uwezo wa kwenda.

Upepo mwanana ninaouzungumzia ni wa noti 2 mpaka 8. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Kwa kipimo cha nguvu ya upepo cha Beaufort tuko daraja la 1, la 2 na mwanzo wa la 3: maji yana vikunyanzi, au viwimbi vifupi ambavyo bado havivunjiki.

Sasa nivumilieni kwa hesabu kidogo, maana bila hesabu hii mtadhani nasema mambo ya kupenda tu. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara nne. Kwa hiyo upepo ukishuka kutoka noti 10 hadi 5, hujapoteza nusu ya nguvu. Umebakiwa na robo. Chukua chombo ambacho kutoka mlingotini hadi waya wa mbele unaoushikilia unapofungwa omoni, yaani mbele kabisa ya chombo, ni mita 2.8, na kutoka sitaha hadi waya huo unapofungwa juu ni mita 9. Tanga la kawaida linalojaza pembetatu hiyo lina mita za mraba 13 hivi. Kitambaa cha poliesta iliyofumwa, kile tunachokiita Dakroni, kwa chombo cha kiasi hiki huwa na gramu 170 hadi 220 kwa kila mita ya mraba. Tanga zima lina kilo 2 na nusu hivi, na hapo sijahesabu mishono, viraka vya pembeni wala vibano vya kulishikiza kwenye waya. Upepo wa noti 3 nao unalisukuma tanga hilo kwa nguvu ya kilo 2 na kitu. Mmeona? Nguvu yote ya upepo haifiki hata uzito wa kitambaa. Upepo unahangaika kulinyanyua tanga lenyewe, na hakuna kinachobaki cha kuvuta chombo.

Kata tanga lile lile kwa nailoni ya gramu 45 na uzito wake unakuwa kama gramu 600. Eneo halijaongezeka hata kiganja kimoja, lakini sasa pumzi ndogo ya upepo inatosha kulijaza, na tanga likishapata tumbo lake hewa inapita vizuri pande zote mbili. Hapo ndipo mvuto unapozaliwa. Tanga lisilo na umbo halivuti, hata liwe na ukubwa gani.

Tena kuna mawimbi. Upepo mdogo mara nyingi hukukuta juu ya bahari iliyobaki na mawimbi marefu ya upepo wa jana. Chombo kinayumba, kilele cha mlingoti kinapiga huku na huku, na kila yumbo linamwaga ule upepo kidogo uliokuwa tangani. Tanga zito huchelewa kujaa tena. Linapojaa, yumbo jingine limeshafika. Tanga jepesi hujaa kabla.

Uzito huo hauko kwenye kitambaa peke yake. Angalieni demani zenu, yaani kamba za kuvutia tanga. Vyombo vingi vidogo vinatumia demani ya milimita 12, kwa sababu inashikika vizuri mkononi na haikati viganja siku ya upepo mkali. Kamba ya poliesta ya unene huo ina karibu gramu 100 kwa mita ikiwa kavu, na ikilowa inazidi. Mita nne tano za kamba hiyo zikining'inia kutoka pembe ya demani, ile ya nyuma inayofungwa kamba hiyo, zinaivuta chini na kulifunga tumbo la tanga. Unene ukipungua nusu, uzito unabaki robo. Demani ya milimita 6 inatosha kabisa kwa upepo tunaozungumzia, na kama inaumiza mkono, vaa glavu. Halafu ondoeni kila chuma kwenye pembe ile. Pingu ya chuma, yaani kiungo cha kufungia kamba, inayoning'inia hapo huliharibu tanga siku ya shwari, na upepo ukizidi inageuka nyundo inayotafuta kichwa cha mtu. Fungeni demani kwa fundo la kitanzi, au kwa pingu laini ya kamba ya Dyneema, nyuzi nyepesi zenye nguvu sana.

Nije kwenye kuchagua.

Tanga ambalo wengi mnalo tayari ni jenoa, lile linalopita mlingoti na kurudi nyuma. Msweden Sven Salén alilitumia mwaka 1926 katika mashindano ya Genoa, Italia, na tangu hapo likaenea duniani. Jenoa hupimwa kwa asilimia: ukichukua umbali kutoka ukingo wa mbele hadi pembe ya demani, kwa mstari unaokutana na ukingo huo kwa pembe mraba, ukaulinganisha na zile mita 2.8 zetu, jenoa ya asilimia 150 ina umbali wa mita 4.2. Kwa chombo chetu cha mfano hiyo ni karibu mita 20 za mraba, kutoka 13. Ni nyongeza kubwa. Tena jenoa inakwenda joshi vizuri, yaani kuelekea upepo unakotoka. Lakini iliyoshonwa kwa Dakroni nzito ili iweze kuvingirishwa nusu siku ya upepo mkali, imeshonwa kwa ajili ya siku hiyo ya upepo mkali. Chini ya noti 5 au 6 naiona imechoka. Ukingo wake wa chini unafagia sitaha, na aliyeshika kana haoni kilicho mbele upande wa demani, ule upepo unakoelekea.

Anayenunua tanga lake la kwanza la upepo mwanana namshauri achukue lile linaloitwa drifta. Ni tanga la umbo la jenoa, asilimia 150 hadi 170, lililokatwa kwa kitambaa chepesi sana, na pembe ya demani imeinuliwa juu. Kuinuliwa huko kuna faida zaidi ya moja. Unaona chini yake. Demani inaweza kuvutwa kutoka sehemu nyingi za chombo bila kuharibu umbo la tanga. Na tanga halinaswi kwenye reli wala nguzo za ubavuni unapobisha, yaani unapogeuza omo kuvuka upepo. Linafaa kuanzia upepo wa mbele kidogo ya ubavu mpaka upepo wa nyuma ya ubavu, na watu wawili, hata mmoja mwenye utulivu, wanalimudu. Ukitaka kwenda nalo joshi zaidi, omba lishonwe kwa poliesta nyepesi badala ya nailoni, kwa sababu nailoni hunyumbuka na tumbo la tanga hurudi nyuma pale upepo unapoongezeka. Ukijua kwamba safari zako nyingi upepo huja ubavuni au nyuma, nailoni ni sawa.

Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Kwa tanga la kitambaa kizito, katika noti 4 za upepo, walisema kweli tupu. Kwa tanga jepesi lenye umbo, dau hilo linakwenda. Si kwa pembe kali kama chombo cha mashindano, lakini linakwenda.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujakaa kuhusu tanga la Kodi Ziro (Code Zero), kwa kuwa jina hilo linasikika sana siku hizi. Historia yake inafaa kujulikana na anayetaka kutoa fedha zake. Tanga hilo lilipata sifa katika mashindano ya Whitbread ya kuzunguka dunia ya 1997 hadi 1998, kwenye chombo EF Language kilichoongozwa na Mmarekani Paul Cayard, ambacho ndicho kilichoshinda. Wahandisi wake walitaka jenoa kubwa mno, lakini kanuni hazikuruhusu. Kanuni ziliruhusu spinaka kubwa, yaani tanga jepesi lenye tumbo kubwa la upepo wa nyuma, mradi upana wake katikati usipungue asilimia 75 ya ukingo wa chini. Basi wakachora tanga bapa linalofanya kazi ya jenoa na kupimwa kama spinaka. Upana ule wa katikati ulikuwa wa kuridhisha kanuni, na ndio unaofanya ukingo wa nyuma wa matanga hayo kupigapiga na kuwa mgumu kutulia. Kama chombo chako hakipimwi na mtu, hakuna sababu ya kulipia upana huo. Mwambie mshona matanga akupe ukingo wa nyuma ulionyooka. Jambo la pili ni kwamba tanga hilo halishikizwi kwenye waya. Linasimama kwa kamba yake lenyewe isiyojisokota, iliyo ndani ya ukingo wa mbele, na kamba hiyo lazima ikazwe kwelikweli ili tanga liende joshi. Mkazo huo unabebwa na henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, na kapi la juu, na mlingoti wa maji, yaani mti unaochomoza mbele ya omo, na mlingoti wenyewe. Vyombo vingi vidogo na vya zamani havikujengwa kubeba hivyo. Mimi nisingelifunga kwenye chombo cha mita saba kabla ya mtu anayejua milingoti hajakikagua.

Spinaka isiyo na pande sawa, ile inayofungwa pembe ya joshi, yaani ya mbele chini, omoni bila mti wa kutanulia, ni kwa upepo wa ubavuni na wa nyuma ya ubavu. Inaweza kuwa na eneo mara tatu ya tanga la kawaida, kwa chombo chetu mita za mraba 40 hivi. Spinaka ya pande sawa na mti wake ni bora kwa upepo wa nyuma kabisa, ila inataka mikono mingi na mazoezi, na leo siisemi zaidi.

Kabla hujaamua, fikiria upepo unaousikia usoni, kwa sababu ndio unaojaza tanga. Upepo wa kweli ukiwa noti 5, nawe unakwenda noti 2 ukiupa mgongo, tanga linapata noti 3 tu. Geuka uupokee ubavuni na chombo kifike noti 3, tanga linapata noti 5.8, nao unaonekana kutoka mbele ya ubavu. Nguvu kwa kila mita ya mraba imekaribia kuwa mara nne, na hujaongeza kitambaa hata kidogo. Ndiyo maana katika upepo mwanana naona ni heri kutokwenda moja kwa moja na upepo wa mgongoni. Ukipinda digrii 30, njia inarefuka kwa asilimia 15 tu, na kasi inayopatikana mara nyingi inalipa zaidi ya hapo. Kwa hiyo tanga la upepo wa ubavuni litakutumikia saa nyingi kuliko la upepo wa mgongoni.

Na jamani, kwangueni chini ya vyombo! Katika mwendo mdogo, karibu kizuizi chote cha maji ni msuguano wa ngozi ya chombo. Mwani na magamba yaliyoganda chini yanaweza kula faida yote ya tanga jipya. Kazi hii haina gharama kubwa, nayo itangulie kabla ya kununua chochote.

Sasa kulifunga. Hapa ndipo palipo na shida nyingi, hasa kwa wenye mtambo wa kuvingirisha jenoa kwenye waya wa mbele. Zamani ulishusha tanga moja, ukashikiza jingine kwa vibano kwenye waya ule ule, na bado ndiyo njia rahisi kwa asiye na mtambo. Mwenye mtambo hawezi. Tanga lake jepesi litasimama peke yake mbele ya jenoa iliyovingirishwa. Kwa hiyo pembe ya joshi ifungwe mbele ya ngoma ya mtambo, na mahali pa kufunga pawe na nguvu ya kuvutwa kwenda juu. Watu hufunga kwenye roda ya nanga, gurudumu la kupitishia kamba ya nanga, kwa kuwa ndiyo iliyojitokeza mbele. Itazameni vizuri kwanza. Roda ile imejengwa kubeba mzigo unaoikandamiza chini. Tanga linaing'oa kwenda juu. Bolti zipitie sitaha na ziwe na bamba upande wa chini. Ukifunga mlingoti wa maji mfupi, uwekee kamba au waya wa kuuvuta chini hadi hanamuni, pale omo inapokata maji.

Kamba ya pembe ya joshi iwe ndefu, ipite kwenye kapi dogo omoni na kurudi hadi kwa anayeshika kana. Utaikaza upepo unapokuwa mbele ya ubavu, utailegeza kama nusu mita upepo ukienda nyuma, na utaifungua siku mambo yakiharibika.

Henza itoke mlingotini juu ya mahali waya wa mbele ulipofungwa. Hili halina mjadala. Ikitoka chini yake, itasugua waya, na katika upepo mdogo unaoyumbisha chombo, kusugua kwa saa mbili kunatosha kuila kamba. Hakikisha pia kwamba haigusi kizungushio cha juu cha mtambo, kwa maana ikijizungusha pale, jenoa haitafunguka wala kufungika, na utaligundua hilo saa ambayo unaihitaji. Panda mlingotini, au mtume kijana mwepesi, atazame kwa macho.

Demani zipite nje ya kila kitu: nje ya waya za ubavuni, nje ya reli, hadi kwenye makapi karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, ndipo ziingie kwenye winchi. Kwa spinaka isiyo na pande sawa, mimi napenda demani ya pili ipite mbele ya tanga lenyewe, ili unapogeuza tezi kwa upepo tanga lizunguke kwa nje na lisijipenyeze kati yake na waya. Tatizo la njia hiyo ni demani kuangukia majini chini ya omo. Kijiti kifupi kinachojitokeza mbele ya pembe ya joshi kinaizuia.

Likishatwekwa, lisikazwe. Kosa la upepo mwanana ni mkono mzito. Henza ivutwe mpaka mikunjo midogo ya ukingo wa mbele iwe karibu kwisha, isiishe kabisa. Demani ilegezwe mpaka ukingo wa mbele uanze kujikunja, kisha uirudishe kidogo. Kama ukingo unajikunja juu kabla ya chini, kapi la demani liko nyuma mno, lisogeze mbele. Ukijikunja chini kwanza, lirudishe nyuma. Sehemu ya juu ya tanga iachwe ifunguke kidogo, kwa kuwa juu upepo ni mwingi kuliko karibu na maji. Mshale wa kileleni mara nyingi haugeuki katika upepo huu, basi funga uzi wa sufi au ukanda wa kaseti kuukuu kwenye waya za ubavuni. Huo unaitikia hata pumzi ndogo.

Watu wakae mbele kidogo na upande wa demani. Chombo kikiinamia upande huo, uzito wa kitambaa chenyewe unalipatia tanga umbo hata kabla upepo haujafika, na tezi ikiinuka, eneo la chombo linaloloa linapungua. Mtu akisimama ghafla, upepo wote unamwagika. Kana ishikwe kwa vidole viwili. Usigeuze usukani kwa nguvu, kwa sababu kila mgeuko ni breki, na kasi ukishaipoteza huchukua dakika nzima kuirudisha.

Wanaotafuta tanga lililotumika, pimeni kwanza urefu kutoka kapi la henza hadi mahali pa pembe ya joshi. Ukingo wa mbele wa tanga lazima uwe mfupi kuliko huo, kwa nafasi ya kulikaza. Kisha ukamate nailoni kwa vidole gumba viwili karibu na pembe ya juu, uivute. Jua huiua nailoni. Iliyokufa inachanika kama karatasi, na hakuna fundi wa kuirudisha.

La mwisho ni kulishusha, na hapa nawasihi msinipuuze. Ile spinaka ya mita za mraba 40, katika noti 5 inavuta kilo 20 hivi. Upepo ukipanda hadi noti 12, inavuta zaidi ya kilo 100. Ongezeko hilo linaweza kufika katika dakika kumi, mnapokuwa mmefurahia mwendo. Kila tanga jepesi liandikwe kiwango chake kwa wino usiofutika kwenye pembe ya joshi. Kwa drifta ya nailoni nyembamba, mimi huandika noti 8 za upepo unaosikika chomboni, na hapo ndipo linaposhuka, hata kama linaonekana linastahimili. Ukiona maji yamekuwa meusi upande wa upepo, usingoje yakufikie. Elekea upepo wa nyuma ili tanga kuu lilikinge lile la mbele, legeza kamba ya pembe ya joshi, mwenzako akusanye ukingo wa chini, ndipo henza ishuke kwa utaratibu. Kama tanga lina soksi yake ya kulifunika kutoka juu, demani ilegezwe kwanza kabisa, la sivyo soksi haiteremki. Na henza isiachiwe kamwe yote kwa pamoja, kwa sababu nailoni ikiingia majini inageuka nanga, na chombo kidogo hakina nguvu ya kuivuta.

Nimeleta vipande vya vitambaa vya uzito mbalimbali, viko kwenye meza ile. Vishikeni, vipulizeni kwa mdomo, muone kipi kinaitikia. Aliyekuja na vipimo vya chombo chake asogee mbele, tuhesabu pamoja.